Kahe: Stesheni ndogo iliyofungua njia ya bandari tatu

KAHE ni kijiji kilichopo kusini mashariki mwa mji wa Moshi, mkoani Kilimanjaro. Abiria wa treni anaweza kukipita bila kukitambua. Kwa wasafirishaji wa mizigo, hata hivyo, jina hilo lina uzito, kwani hapa ndipo reli ya Tanga ilipokutana na reli ya kutoka Voi, Kenya.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352. Tawi la Voi halikujengwa kwa ajili ya biashara. Waingereza walilijenga mwaka 1915 na 1916 kupitia Taveta ili kusafirisha askari na silaha, wakaliunganisha Kahe baada ya Wajerumani kuondolewa hapo Machi 1916. Vita vilipokwisha, kahawa ya Kilimanjaro ikaanza kushuka Mombasa badala ya Tanga, jambo ambalo Tanga haikulifurahia.

Siri ya Kahe ilikuwa upana wa reli. Pande zote mbili zilikuwa na reli ya milimita 1,000, hivyo behewa lilivuka mpaka bila kushusha mzigo. Anayetaka kujua thamani ya hilo atazame Kidatu, ambako reli ya TAZARA ya milimita 1,067 inakutana na hiyo ya milimita 1,000 na shehena lazima ihamishwe kutoka behewa hadi behewa. Kuanzia mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa na shirika moja. Kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi kilipokamilika mwaka 1963, mzigo uliopita Kahe uliweza kwenda Tanga, Mombasa au Dar es Salaam.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini njia ya Kahe hadi Voi haikurudi kuwa ya kutegemewa.

Upande wa Tanzania mambo yalibadilika mwaka 2019, treni za mizigo na abiria ziliporejea Moshi, kisha Arusha mwaka 2020. Shehena ya kuvuka mpaka imebaki barabarani kupitia Holili na Taveta, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa mwaka 2016. Kwa muuza nyanya au vitunguu, lori linatosha na pengine ni bora zaidi, maana linamfuata shambani. Anayeumia ni mwenye mahindi, saruji au mbolea kwa mamia ya tani.

Reli ya Kahe ikifufuliwa kwa upana wake wa zamani, mzigo utaunganishwa moja kwa moja na reli kongwe ya Kenya pale Voi. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Mzigo wa kuingia humo utalazimika kuhamishwa, na gharama hiyo ataibeba mwenye mali.