Canterbury, mji uliolelewa na wasafiri wa mfuko mwepesi

Anayetaka kuuzuru mji wa Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza, hukutana na bei kabla hajakutana na historia. Kuna nauli ya treni ya kasi kutoka St Pancras jijini London, kuna chumba cha hoteli ndani ya kuta za kale, na kwenye lango la Kanisa Kuu kuna tiketi. Mwanafunzi kutoka Arusha aliyeko huko kwa ufadhili, au muuguzi kutoka Kisumu ambaye nusu ya mshahara wake huenda nyumbani kila mwezi, akijumlisha yote hayo huamua kwamba miji ya namna hiyo ni ya wastaafu wenye nazo. Uamuzi huo unaeleweka, ila historia ya mji wenyewe inaupinga. Canterbury ilikua, ikajengwa upya na ikapata jina duniani kwa sababu ya watu waliofika kwa miguu, vumbi limewajaa hadi magotini, na mfukoni wana vipande vya peni. Mji ukawawekea vitanda, kanuni na wakfu. Kwa hiyo mgeni anayebana matumizi ndiye mgeni wa asili wa Canterbury, na akijua alivyopokewa mwenzake wa karne ya 13 atajua pia pa kuelekea leo.

Jambo lilianza kwa mauaji. Jioni ya tarehe 29 Desemba 1170, wanaume wanne wa jamii ya kikabaila, watu wa Mfalme Henry wa Pili, waliingia kanisani na panga wakamuua Askofu Mkuu Thomas Becket. Wakuu wa kanisa walikuwa bado wanamwogopa mfalme. Waliowahi kuonyesha ujasiri ni wakazi wa mji, watu wa kawaida, waliochovya vitambaa kwenye damu ya marehemu wakaenda navyo kwa wagonjwa wao. Maiti ilizikwa haraka katika kanisa la chini ya ardhi, na lilipofunguliwa kwa umma wakati wa Pasaka ya 1171, foleni ikaanza. Papa alimtangaza Becket kuwa mtakatifu mwaka 1173. Mfalme mwenyewe alikuja kutubu, peku, mwezi Julai 1174. Kwa maneno mengine, mfalme alifuata njia ambayo maskini walikuwa wameshaikanyaga kwa zaidi ya miaka mitatu.

Ushahidi wa mahujaji hao walikuwa kina nani umo kwenye kumbukumbu za watawa wawili, Benedict na William, waliokaa kaburini kuandika shuhuda za mahujaji. Kwa pamoja waliandika visa zaidi ya 700. Baadhi vilihamishiwa kwenye vioo vya rangi vinavyozunguka mahali lilipokuwa kaburi la baadaye, na vioo vingi kati ya hivyo vipo mpaka sasa. Mmoja wa wanaoonekana humo ni Eilward, mwanakijiji wa Westoning. Alikuwa anamdai jirani yake. Jirani akagoma kulipa. Eilward akavunja nyumba akachukua kinoo na glavu kama rehani. Akashitakiwa kwa wizi, akahukumiwa kutobolewa macho na kuhasiwa. Kisa kinasema kwamba baada ya kumwomba Mtakatifu Thomas macho yalimrudia. Tuliache suala la muujiza kwa wenye imani yao. Kwa mwanahistoria kitu cha kushika ni kinoo na glavu. Katika kanisa la Askofu Mkuu wa Uingereza yote, mahali ambapo ungetarajia wafalme watupu, msanii aliyechora vioo alitumia rangi za thamani kueleza kesi ya mkulima aliyedaiwa kuiba vitu ambavyo leo vingetandazwa chini sokoni.

Nenda kwenye fedha zao, hoja inazidi kupata nguvu. Wakati ule sarafu iliyotumika kila siku ilikuwa moja tu, peni ya fedha, karibu ujira wa kutwa wa kibarua. Chenji haikuwapo: peni ilikatwa kwa mkasi ikawa nusu, na nusu ikakatwa tena ikawa robo, kipande chenye pembe kama kipande cha chapati. Robo ya duara ilianza kutengenezwa mwaka 1279. Mgonjwa asiyeweza kusafiri, nduguye alichukua peni akaikunja juu ya kichwa chake kama nadhiri. Peni iliyokunjwa haikuwa ya kununulia kitu tena, ilikuwa mali ya mtakatifu hadi ifikishwe kaburini. Asiye hata na hiyo alipima urefu wa mgonjwa kwa utambi, akaupaka nta, akauviringisha akaja nao. Kwa senti za namna hiyo, zikichanganywa na dhahabu za wakubwa, sadaka za mwaka 1220, mwaka ambao mifupa ilihamishiwa kwenye kaburi jipya, zilipita pauni 1,100. Pauni moja ilikuwa peni 240; msomaji apige hesabu. Sehemu ya mashariki ya kanisa, iliyoungua mwezi Septemba 1174 na kujengwa upya na fundi William wa Sens hadi alipoanguka kutoka jukwaani, akapokewa na William mwingine, Mwingereza, aliyeikamilisha mwaka 1184, ilisimama kwa mvuto wa kaburi hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Canterbury iliuishi msemo huo kabla haijausikia.

Hapa atainuka mtu aseme kwamba napamba. Mkono mtupu haulambwi, na watawa wa Canterbury waliujua vizuri mkono uliojaa. Walikuwa na sanduku kila kona, waliuza vichupa vya risasi na bati vyenye maji yaliyosemekana kuwa na chembe ya damu ya Becket, na beji za bei rahisi ambazo zimeokotwa kwa wingi kwenye matope ya mto Thames. Erasmus, mwanachuoni wa Rotterdam, alifika mapema katika karne ya 16 akiwa na rafiki yake John Colet, na maelezo aliyoyaacha ni ya mtu aliyekereka kistaarabu: kaburini, anasema, dhahabu ndiyo iliyokuwa kitu cha thamani ndogo kuliko vyote. Colet alimuuliza mwenyeji wao kama mtakatifu aliyewahurumia maskini akiwa hai asingependa mali hiyo wagawiwe. Na walipokuwa wakirudi London, nje kidogo ya mji, mzee wa nyumba ya kutunzia maskini ya Harbledown aliwatolea kiatu cha kale wakibusu. Colet akafoka. Erasmus akamhurumia mzee, akampa sarafu.

Pingamizi hilo ni la kweli, na sitalikwepa. Kaburi lilikuwa biashara. Lakini tazama biashara yenyewe ilivyopangwa: sadaka ilikuwa hiari, na mlango haukuwa na bei. Mwenye robo ya peni na mwenye kito cha yakuti walipanda ngazi zilezile, tena kwa magoti, na mawe ya ngazi hizo yamelika kiasi kwamba hata leo mguu unateleza. Mfumo unaotegemea hiari ya wengi hulazimika kuwapokea wengi, na hapo ndipo Canterbury ilipojitofautisha na jumba la mfalme.

Tuje kwenye malazi, ambako naona mambo yana utamu zaidi kuliko kwenye vioo. Kwenye barabara kuu, pale inapouvuka mto Stour, lipo jengo la Eastbridge lililoanzishwa mwishoni mwa karne ya 12 kwa ajili ya mahujaji maskini. Kimsingi ni musafirkhana: mtu wa pwani aliyewahi kuona nyumba ya wasafiri iliyojengwa kando ya msikiti kwa mali ya wakfu hahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1342 Askofu Mkuu John Stratford aliipa kanuni. Vitanda 12. Hujaji mzima wa afya alale usiku mmoja aendelee na safari. Mgonjwa akae zaidi, na mgonjwa apewe nafasi kabla ya mzima. Matumizi ya nyumba kwa kutwa yawe peni 4 kutoka kwenye mapato ya wakfu. Na vitanda viangaliwe na mwanamke mwenye heshima zake aliyepita miaka 40. Mtu anayeandika kanuni kama hizo ameshaona fujo za chumba cha wasafiri: vijana wenye nguvu zao wanaojifanya wagonjwa, na wagonjwa wanaokosa pa kujilaza. Ukitembelea hosteli yoyote ya vijana Ulaya leo utakuta karatasi ukutani yenye wasiwasi uleule.

Hata waliokuwa wamechagua umaskini walianzia hapa. Wafuasi tisa wa Fransisko wa Asizi walishuka Dover mwezi Septemba 1224, wakafika Canterbury, na baadhi yao wakapewa chumba kidogo chini ya shule. Mchana walijifungia, wanafunzi wakishatawanyika jioni, walitoka wakawasha moto, wakatenga chungu chenye machicha ya pombe, wakachota kwa kikombe kimoja kwa zamu. Machicha yakiwa mazito waliongeza maji. Ndugu wale ndio chimbuko la shirika lao katika Uingereza nzima, na jengo lao dogo la mawe lingali linasimama juu ya mto, hatua chache kutoka Eastbridge.

Wenye uwezo kiasi nao walifikiriwa. Kati ya 1392 na 1395, miaka ambayo Geoffrey Chaucer alikuwa bado anaandika hadithi zake za mahujaji wa njia hiyohiyo, watawa walijenga nyumba kubwa ya wageni kwenye kona ya Mercery Lane, uchochoro unaotoka barabara kuu hadi lango la kanisa. Sehemu kubwa iliungua mwaka 1865. Uchochoro upo, na bado umejaa maduka ya kuuza kumbukumbu. Hiyo ndiyo biashara ambayo haijawahi kubadilika Canterbury.

Kaburi lilivunjwa mwaka 1538 kwa amri ya Henry wa Nane, hazina ikachukuliwa, na hija ikafa. Hata hivyo mji haukusahau kazi yake. Miaka ya 1570 ulipokea wafumaji Waprotestanti waliokimbia mateso ng'ambo ya bahari, wakapewa nafasi ya kusali kwa Kifaransa katika kanisa la chini ya ardhi. Mwezi Mei 1830 ilifunguliwa reli kati ya Canterbury na bandari ya Whitstable, miongoni mwa reli za kwanza kabisa kubeba abiria kwa injini ya mvuke, na mwaka 1834 iliuza tiketi za msimu kwa waendao kuoga baharini, mapema mno katika historia ya nauli nafuu. Reli ilishafungwa, na sehemu ya mkondo wake sasa imo kwenye njia ya baiskeli na miguu, kama kilomita 12 hadi baharini, bila malipo.

Sasa tiketi ya kanisa. Wapo wanaosema kutoza watu mlangoni mwa nyumba ya ibada ni aibu, na hutoa mfano wa Durham, kaskazini, ambako kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1093 lipo wazi kwa sadaka ya hiari. Siungani nao moja kwa moja. Kanisa lenye vioo vya karne ya 12 linahitaji waashi na mafundi wa vioo mwaka mzima, na serikali ya Uingereza haiyapi makanisa haya bajeti ya kuendeshea shughuli za kila siku. Aliyekuja kutazama ana haki ya kuombwa achangie. Hija ya kale ilibebwa na sadaka za umati wenye hofu ya Mungu, na umati wa leo hauna desturi hiyo ya kukunja peni.

Lakini mlango wa ibada haujawahi kuwekewa bei. Siku nyingi za wiki, saa kumi na moja na nusu jioni, huimbwa Sala ya Jioni na kwaya, na anayekuja kusali haulizwi tiketi. Mwanglikana wa Tanzania, Kenya au Uganda, ambaye kanisa lake lina mizizi katika Kanisa la Uingereza, ataufuata mpangilio wa sala hata Kiingereza chake kikiwa cha kubabaisha, maana ndio huohuo wa Kitabu cha Sala alichokulia. Je, huu si ujanja wa kukwepa kulipa? Ni ujanja kwa anayeingia na kamera na kutoka katikati ya zaburi. Aliyekaa mpaka mwisho amefanya kile jengo lilichojengewa. Atakosa kitu, hilo nakiri: ibada haimpi nafasi ya kuvizunguka vioo vya Eilward wala kusimama mbele ya mshumaa unaowaka pale kaburi lilipokuwa. Na Mwislamu au asiye na dini ambaye hataki kukaa ibadani anazo kuta za mji za kutembea juu yake, bustani ya Dane John, jumba la makumbusho la Beaney ambalo halitozi kiingilio, na Westgate, lango la karne ya 14 ambalo barabara bado inapita chini yake.

Ushauri wangu kwa mwenye pauni chache ni huu: panda basi la masafa badala ya treni, beba chakula, tembea mji mchana, na ukiweza kulipia kitu kimoja tu, lipia kiingilio cha Kanisa Kuu ukavione vioo. Usipoweza, nenda jioni kwenye sala. Beji za Mercery Lane ziache dukani. Ukipita Eastbridge, kumbuka kwamba milango iliyofungwa ndani ni nyumba za watu: wakfu ule ungali hai, na wazee wa Canterbury bado wanaishi humo.