MASHINE YA KUPENDEKEZA NYIMBO ILIANZA BILA MASIKIO

Katika mazungumzo ya wiki hii nataka tuitazame historia ya kitu ambacho vijana wengi wa mjini wanacho mfukoni, nacho ni ile mashine inayompendekezea mtu wimbo ambao hajapata kuusikia. Umeupenda ule, inasema, basi jaribu na huu. Ilijuaje?

Jambo lenyewe lilianza kwa barua pepe. Mwezi Julai 1994, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Upendra Shardanand na mwalimu wake Pattie Maes walifungua huduma iliyoitwa Ringo. Aliyeiandikia alirudishiwa orodha ya wanamuziki 125 awape alama, kuanzia 1 kwa asiyempenda kabisa hadi 7 kwa anayempenda mno. Kompyuta ikawatafuta watu waliotoa alama zinazokaribiana na zake, ikaangalia wanampenda nani ambaye yeye hajamtaja, kisha ikamjibu. Ringo haikusikiliza hata wimbo mmoja. Gitaa haikulijua wala ngoma. Ilijua tu kwamba ladha ya huyu inafanana na ya yule.

Mimi niliyesoma kadi za salamu studio sioni ajabu hapo. Mtu alijaza kadi, akachagua wimbo na kuwataja jamaa zake wanane. Alikuwa akiwapendekezea hao wote, pamoja na mtaa mzima uliofungulia redio. Tofauti ni kwamba kadi ilikuwa na jina la aliyechagua.

Njia ya pili ilitumia masikio hasa. Mwaka 2000, huko California, Tim Westergren na wenzake walianzisha kazi iliyokuja kuwa redio ya Pandora. Waliajiri wanamuziki wakae na wimbo mmoja kwa dakika 20 au 30, wakiandika sifa zake kwa mamia: sauti ya mwimbaji, mapigo, mpangilio wa ala. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya heshima kuliko zote, ila ni ghali na ya polepole. Isitoshe, mwaka 2007, kwa sababu ya haki za muziki, Pandora ilizifungia karibu nchi zote nje ya Marekani, sisi tukiwamo.

Iliyoshinda ni njia ya kuhesabu. Mwaka 2002 mwanafunzi wa Southampton, Uingereza, Richard Jones, alitengeneza programu ya Audioscrobbler, iliyoandika kimya kimya kila wimbo uliopigwa kwenye kompyuta ya mtu. Hata alama haikuhitajika tena. Julai 2015 Spotify ikaanza kumpa kila mteja nyimbo 30 kila Jumatatu, na Februari 2021 ikafika Tanzania, Kenya na Uganda.

Hapa ndipo lilipo shaka langu. Mashine ya kuhesabu huona kilichokwisha kupigwa humo ndani. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwa miaka mingi, NUTA Jazz, Western Jazz, Mlimani Park na nyinginezo. Wimbo uliobaki kwenye kanda haujahesabiwa na yeyote, kwa hiyo hautapendekezwa kwa yeyote, hata kwa mjukuu wa aliyepiga gitaa lake.

Ringo angalau iliwaruhusu watu waongeze majina ya wanamuziki isiowajua. Kadi ya salamu nayo iliruhusu. Mtu aliandika wimbo autakao, nasi tukaenda maktaba kuupekua kwenye rafu. Siku tulipoukosa tulimtaja kwa jina hewani, tukamwambia kwamba bado tunautafuta.