Mahindi au maharage? Chora mistari miwili upate jibu

Mkulima ana ekari 5 na mtaji wa shilingi 1,200,000. Apande mahindi ekari ngapi na maharage ekari ngapi ili apate faida kubwa zaidi? Hesabu hii hufundishwa sekondari, nawe unaweza kuifanya kwa rula na karatasi ya grafu. Takwimu zetu ni za mfano tu. Weka za shamba lako.

Tuseme ekari ya mahindi inagharimu 300,000 na kuacha faida ya 400,000. Ekari ya maharage inagharimu 150,000 na kuacha faida ya 300,000.

Chora mstari wa kulala kwa ekari za mahindi na wa kusimama kwa ekari za maharage. Vyote vianzie sifuri, pale vinapokutana.

Mpaka wa ardhi: unganisha 5 ya mahindi na 5 ya maharage.

Mpaka wa mtaji: fedha yote ikienda kwenye mahindi inatosha ekari 4, ikienda kwenye maharage, ekari 8. Unganisha 4 na 8.

Sasa tia kivuli sehemu iliyo ndani ya mipaka yote miwili. Nje ya hapo, ama ardhi haitoshi ama fedha haitoshi. Faida kubwa zaidi hupatikana kwenye kona ya sehemu hiyo, kwa hiyo tunapima kona tu:

- Mahindi 4, maharage 0: faida 1,600,000. Ekari moja inabaki tupu.
- Mahindi 0, maharage 5: faida 1,500,000. Mtaji wa 450,000 unabaki.
- Mahindi 3, maharage 2, mistari inapokatana: faida 1,800,000. Hili ndilo jibu.

Kabla ya kukopa, chora tena. Mtaji ukiongezeka kwa 150,000, kona inahamia mahindi 4 na maharage 1, na faida inafika 1,900,000. Mkopo huo umeongeza 100,000 tu. Riba ikizidi hapo, ni hasara.

Bei nayo hubadili jibu. Faida ya maharage ikipita 400,000 kwa ekari, inafaa kupanda maharage matupu.

Mchoro huu unatosha kwa mazao mawili. Kwa mazao mengi hutumika kompyuta, kwa njia aliyoibuni Mmarekani George Dantzig mwaka 1947: nayo hupita kona hadi kona.