Sheria Iliyolala Miaka 102

Mwaka 1911, katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, wenye nyumba 30 kati ya 39 wa kipande kimoja cha Mtaa wa Labadie waliwekeana masharti: kwa miaka 50, nyumba zao zisikaliwe na mtu mweusi wala mwenye asili ya Asia. Masharti yakasajiliwa pamoja na hati, yakamfunga hata mnunuzi asiyewahi kuyasikia.

J. D. Shelley na mkewe Ethel, waliokuwa weusi, hawakuyasikia. Walinunua nyumba nambari 4600 mwaka 1945, wakahamia na watoto wao, na mara wakajikuta mahakamani. Mahakama ya juu ya Missouri iliamuru watoke. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 3 kati ya 9 walijitoa bila kutaja sababu. Wengi waliamini kuwa nyumba zao wenyewe zilikuwa na masharti ya aina hiyo. Waliobaki 6 waliwapa akina Shelley ushindi tarehe 3 Mei 1948.

Ushindi wenyewe ulikuwa na tundu. Mahakama haikusema masharti yale ni haramu. Ilisema tu kwamba hakuna mahakama itakayoyatekeleza. Muuzaji alibaki huru kumtazama mteja usoni na kumwambia hapana.

Ndivyo alivyojibiwa Joseph Lee Jones mwaka 1965 alipotaka nyumba Paddock Woods, nje kidogo ya St. Louis ileile. Yeye alikuwa mweusi, mkewe Barbara Jo mzungu, na kampuni ya Alfred H. Mayer ikakataa kuwauzia. Mawakili wao walifukua sheria ya mwaka 1866, iliyopitishwa utumwa ulipokwisha tu, licha ya kura ya turufu ya Rais Andrew Johnson. Inampa kila raia haki ileile ya mzungu ya kununua, kupanga, kuuza na kurithi mali. Kwa takriban karne nzima ilisomwa kana kwamba inaihusu serikali peke yake.

Akina Jones walishindwa mara mbili katika mahakama za chini. Kesi yao ikiwa bado Mahakama ya Juu, Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, na siku 7 baadaye Johnson mwingine, Lyndon, akatia saini sheria mpya ya haki katika makazi. Jaji Harlan aliona sasa kesi haina haja tena. Wenzake 7 walikataa. Tarehe 17 Juni, Jaji Potter Stewart aliandika kwamba sheria ya 1866 inamgusa na muuzaji binafsi, kwa kuwa Marekebisho ya 13 ya Katiba yanaliruhusu Bunge kung'oa hata mabaki ya utumwa.

Harlan alikosea. Sheria mpya iliwaachia mwanya baadhi ya wanaouza nyumba zao wenyewe bila dalali. Ile kongwe, kwa suala la rangi, haikumwachia mtu yeyote.