Nyumba Ni ya Nani? Habari za Mume na Mke na Makao Yao Katika Pwani Yetu

Liko swali lililo jepesi masikioni na zito moyoni: mume na mke waliooana sasa, watakaa wapi? Wengine hudhani ya kuwa jambo hili ni la siku hizi tu, tangu watu walipoanza kuhamia mijini na kulipa kodi ya chumba. Sivyo. Katika pwani yetu swali hili limeulizwa kwa karne nyingi, na majibu yake yamejengwa kwa mawe, kwa udongo na kwa makuti, hata leo mtu aweza kwenda kuyatazama kwa macho. Katika mazungumzo haya tutakwenda kwanza Lamu, kisha Unguja, kisha Dar es Salaam. Na kila tufikapo tutauliza mambo mawili: ni nani aliyechagua nyumba, na nyumba ilikuwa ya nani?

Lamu ni mji wa kisiwani, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Nyumba zake nyingi za mawe zilizosimama mpaka leo zilijengwa katika karne ya 18, wakati biashara ya visiwa vile ilipositawi, na mwaka 2001 mji huo wa kale uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Msomaji aliyepata kupita katika vichochoro vyake atakumbuka kuta ndefu zisizo na madirisha mengi upande wa njia, na njia zenyewe zilivyo nyembamba, hata wenye mizigo wawili hawapishani mpaka mmoja aegemee ukuta. Akiinua macho, mara kwa mara ataona chumba kimepita juu ya njia, kikiunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Chumba hicho huitwa wikio. Wageni hukipiga picha wakidhani ni pambo la mji. Lakini wikio si pambo. Wikio ni jibu la swali letu.

Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa hivi. Binti alipoolewa, hakuondoka kwenda kwa mumewe. Baba yake alimpa nyumba, na mume ndiye aliyehamia. Kama baba alikuwa na kiwanja karibu, alijenga pale. Kama hakuwa nacho, alipandisha ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, au alivuka njia kwa wikio akaunganisha nyumba ya binti na ya mama. Kwa hiyo mama na mabinti zake waliweza kutembeleana, kusaidiana wakati wa uzazi na wakati wa ugonjwa, wala hakuna aliyelazimika kushuka njiani mbele ya macho ya watu. Mtaa mzima ukawa kama nyumba moja yenye milango mingi. Wasomaji wetu wa bara, ambao kwao bibi arusi hupelekwa kwa wakwe, huenda wakastaajabu na kumhurumia mume huyo. Wasimhurumie kabla hawajasikia habari yote.

Kwanza na tufikiri kazi yenyewe. Nyumba ya mawe haikuwa kazi ya mwezi mmoja. Matumbawe yalitolewa baharini yakiwa laini, yakachongwa, yakaachwa yakauke mpaka yawe magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe yale yale juu ya tanuri kubwa la kuni, kisha ikaachwa muda mrefu ipoe na kulainika kabla haijatumiwa. Boriti zilikatwa katika mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima chumba: mti mmoja hauwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ila katika nafasi ya mita 3 hivi, au pungufu. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kama majahazi yaliyofungwa ubavu kwa ubavu. Tena boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ni haba, nazo zikapima vyumba vya huko pia. Basi baba aliyengoja mpaka mposaji abishe hodi ndipo aanze kutafuta mawe, alikuwa amechelewa.

Na mpango wa nyumba ulieleza wazi imejengwa kwa ajili ya nani. Mgeni alipokelewa katika daka, penye mlango. Akiruhusiwa kupita, alifika kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu kupata mwanga na hewa. Toka hapo sakafu hupanda kidogo kidogo: msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, chumba cha mwenye nyumba, chenye zidaka ukutani zilizopambwa kwa chokaa iliyochorwa, na juu yake vyombo vya udongo wa Kichina. Kila hatua mgeni hupungua na jamaa huongezeka. Humo ndani bibi arusi alionyeshwa, na humo fungate ilikaliwa. Nyuma yake kilikuwapo chumba kiitwacho nyumba kati, kisichopambwa, ambamo watoto walizaliwa na maiti walioshwa. Mwanamke wa Lamu aliweza kuzaliwa, kuolewa, kuzaa na kufa hatua chache tu mbali na mama yake.

Sasa faida yake. Katika sheria ya Kiislamu fungu la binti katika mirathi ni nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume. Baba aliyempa bintiye nyumba akingali hai alimwekea kitu ambacho kaka zake hawakuwa na haki ya kukigawa baada ya maziko. Na ikiwa ndoa ilivunjika, jambo ambalo katika miji ya pwani halikuwa la ajabu, hakukuwa na maneno juu ya nani atoke. Mume alichukua sanduku lake akaenda zake. Mke na watoto walibaki chini ya boriti zile zile. Hii ndiyo habari tuliyosema mtu aisikie kabla ya kumhurumia mume. Mwanamume aliyelala katika nyumba ya mkewe alikuwa na sababu nzuri ya kupima maneno yake.

Lakini tusiisifu desturi hii kupita kadiri. Tuliuliza ni nani aliyechagua nyumba. Si mume, na si bibi arusi. Wazee walichagua nyumba kama walivyomchagua mume, na mara nyingi walimchagua binami, mtoto wa baba mdogo au mkubwa, ili mali isitoke katika ukoo. Tena wako watu ambao habari za nyumba hizi huwasahau. Katika nyumba za ghorofa waungwana walikaa juu, na watumwa walikaa chini, katika vyumba vyenye giza. Wao ndio waliobeba mawe na kuchoma chokaa, nao hawakuulizwa wangependa kukaa wapi wala na nani. Utumwa ulipokomeshwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, waungwana wengi waliokuwa wakiishi kwa mashamba yaliyolimwa na watumwa walifilisika. Baba asiye na kitu hawezi kumjengea binti nyumba ya mawe. Na tangu hapo nyumba nyingi zilianza kubomoka.

Tuvuke sasa twende Unguja, ambako utumwa ulifutwa miaka kumi mapema, mwaka 1897. Walioachwa huru waliondoka mashambani kwa wingi, na wengi walikwenda Ng'ambo, yaani upande wa pili wa hori lililotenga Mji Mkongwe. Hapo kwa mara ya kwanza mume na mke waliokuwa watumwa waliweza kusema wao kwa wao: tutajenga hapa. Nyumba yenyewe ilihitaji nguzo, fito, udongo, makuti na ndugu wa kusaidia kukandika. Miongoni mwa wenye nyumba hizo wanawake walikuwa wengi. Hapakuwa na baba mwenye boriti wala wikio. Palikuwa na watu wawili na uamuzi wao.

Ila kulikuwako tundu katika uamuzi huo, nalo ni kubwa. Nyumba ilikuwa yao, ardhi haikuwa yao. Viwanja vilikuwa vya matajiri wachache, au vilikuwa vya wakfu. Mwanzoni mwenye ardhi aliwaacha watu wajenge bure, au kwa kitu kidogo cha heshima tu. Mji ulipokua, na ardhi ilipopanda thamani, wenye viwanja walianza kudai kodi, na katika miaka ya 1920 wakaipandisha. Mtu aliyejenga kwa mikono yake akaambiwa alipe au abomoe. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa. Waligoma kulipa kodi ya viwanja, wanaume kwa wanawake, wakisema ya kuwa ardhi waliruhusiwa kuikalia tangu awali wala haikuwa kitu cha kuuziwa kila mwezi. Jambo hilo lilileta ghasia, na serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi hiyo isipandishwe ovyo. Kwa maoni yetu mgomo ule wastahili kusomwa shuleni pamoja na habari za masultani, kwa maana ulifanywa na watu ambao jambo lao lilikuwa moja tu, kwamba wasing'olewe katika nyumba zao.

Baada ya mapinduzi ya 1964 ardhi ya Unguja ilifanywa mali ya serikali, na huko Michenzani yakajengwa majumba marefu ya ghorofa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Wengi waliobomolewa nyumba zao za Ng'ambo walipewa humo makao. Walipata mabomba na umeme, wakapoteza ua na baraza. Kila mmoja na aamue mwenyewe ni biashara ya namna gani hiyo.

Dar es Salaam ni mji mdogo wa umri kuliko hiyo miwili. Sayyid Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860, na Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891. Hapa tunakutana na nyumba ambayo wasomaji wengi wanaijua: ukumbi katikati toka mlango wa mbele mpaka uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma ua wenye jiko na choo, mbele baraza. Mitaa ya Kariakoo, palipopata jina kwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza katika vita vya kwanza, ilijaa nyumba hizo. Zilijengwa kwa udongo na kuezekwa kwa makuti, au kwa madebe yaliyopondwa yakawa bapa, na baadaye kwa mabati. Uzuri wake ni kwamba hukatika vipande. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangisha.

Basi mume na mke waliotoka bara walikujaje kupata makao? Mume alitangulia, akafikia kwa ndugu au mtu wa kabila lake, akalala ukumbini. Alipopata kazi alimwita mkewe, na hapo kutafuta chumba kukaanza kwa kweli. Mume huuliza kodi ni kiasi gani na kazini ni mbali kadiri gani. Mke huuliza mambo mengine: maji huchotwa wapi, na debe ni senti ngapi, choo hutumiwa na watu wangapi, jikoni ni zamu ya nani, mama mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Ni jambo la busara kumsikiliza mke hapo, kwa kuwa mume huja usiku, bali mke atashinda ua ule kutwa pamoja na wanawake watano asiowajua. Nyumba ya mji ule haikuchaguliwa kwa kuta zake ila kwa wapangaji wake.

Na wale waliofaulu kununua kiwanja wakajenga chao? Hapo swali letu la pili linarudi kwa nguvu. Mara nyingi mume ndiye aliyeandikwa katika hati, maana yeye ndiye aliyekuwa na mshahara. Mke alipika, akachota maji, akalea watoto, akauza maandazi ili bati linunuliwe. Jina lake halikuwamo. Ndoa ikivunjika, alirudi kwao na kanga zake. Twaona basi ya kuwa mke wa Lamu ya zamani, aliyefungiwa nyuma ya ukuta, alikuwa na kitu ambacho mke wa Dar es Salaam, anayekwenda sokoni apendavyo, hakuwa nacho.

Sheria ilianza kulitazama jambo hili mwaka 1971. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka huo ilisema ya kuwa mume au mke mwenye nyumba ya ndoa hana ruhusa ya kuiuza, kuitoa au kuiweka rehani bila idhini ya mwenziwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaamua zaidi ya hayo: kazi za mke nyumbani, yaani kupika na kulea na kutunza, zahesabiwa kuwa mchango katika mali waliyoichuma pamoja. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya mali ya ndoa mwaka 2013, nayo pia yataka idhini ya wote wawili kabla nyumba ya ndoa haijauzwa.

Kwa hiyo leo, mtu akitaka kuweka rehani nyumba ya ndoa ili akopeshwe fedha, mwenye kukopesha humtaka amlete mkewe, na karatasi huwekwa mezani mbele yao wote wawili. Mama huyo huenda hakuchagua kiwanja, wala hakuulizwa mlango utazame upande gani. Lakini kalamu hupewa yeye, na watu hungoja mpaka atie sahihi yake, au mpaka aiweke kalamu chini aondoke.