Hongo, Kodi na Ushuru: Maneno ya Mapato katika Nchi ya Karagwe

Mfasiri wa hotuba za bajeti hukutana na maneno yanayoelekea kuwa ndugu: kodi, ushuru, tozo, makato. Tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Karagwe na Kyerwa, wilaya za kahawa, kwamba maneno hayo si ya tumbo moja.

Liko neno jingine la kale lililokwisha kuharibika. Katika karne ya 19 hongo yalikuwa malipo halali ambayo misafara iliwatolea watawala ili ipite katika nchi zao. Speke, ambaye njiani alikuwa ameilalamikia sana hongo, aliingia Karagwe mwaka 1861 na kuandika kwamba katika nchi ya Mukama Rumanyika wageni hawakutozwa. Leo hongo ni rushwa, wala hakuna halmashauri iwezayo kuliandika neno hilo katika safu ya mapato.

Kodi ilikuja na dola. Wajerumani waliweka sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897. Waingereza wakaiendeleza pamoja na kodi ya kichwa. Lakini kodi ya nyumba ni pia malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na waliotenganisha kodi ya majengo na kodi ya pango walifanya vema. Kodi ya kichwa nayo ilirudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, jina tamu lisilombadili mlipaji, ikafutwa mwaka 2003.

Ushuru ndio wenye uzito kwa mkulima. Asili yake ni Kiarabu, maana yake sehemu ya kumi. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3, hivyo ile sehemu ya kumi imebaki katika nasaba ya neno tu. Ushuru huu ni wa halmashauri, na tangu Kyerwa ilipotengwa na Karagwe mwaka 2012, kila moja hukusanya wake. Kahawa inayovushwa mpakani kwa magendo kwenda Uganda haiachi kitu kwa yeyote kati yao.

Sasa, kwa mujibu wa sheria mlipaji wa ushuru wa mazao ni mnunuzi. Pale kwenye chama cha msingi, hata hivyo, ukitajwa ndani ya makato, mkulima huelewa kwamba fedha imetolewa katika haki yake. Kweli, mnunuzi aweza kuurudisha mzigo huo kwa kushusha bei. Hilo ni la wachumi. Sisi hatuna ruhusa ya kuliamua kwa kuteua neno.

Tozo, lililovuma na miamala ya simu mwaka 2021, latokana na kutoza na lingefaa kubaki jina la jumla. Makato yawe yale tu anayokatwa mkulima mwenyewe, kama vile mkopo wa pembejeo. Katika hati ya malipo, ushuru wa mazao uandikwe katika mstari wake, na mbele yake maneno matatu: hulipwa na mnunuzi.