Mchuuzi wa Peckham na Mama Yake

Katika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, karibu na Matema, chini ya milima ya Livingstone, liko soko dogo la Lyulilo. Sifa yake ni vyungu. Wanawake wa Kikisi huvifinyanga katika vijiji vya upande wa mashariki wa ziwa, kama Ikombe. Huletwa sokoni kwa mitumbwi, na kutoka hapo husafirishwa hadi Mbeya na mbali zaidi. Kati ya mwanamke aliyefinyanga na mpishi atakayekitia chungu jikoni hapakosi mchuuzi. Huyu hakuchimba udongo wala hatapika; mali yake ni miguu yake na ulimi wake. Asifiwapo huitwa hodari, alaumiwapo huitwa mlanguzi, na aghalabu mtu yule yule huitwa majina yote mawili kwa siku moja.

Mchuuzi wa namna hii hayuko Kyela peke yake. Waingereza walimtia katika televisheni wakamfanya mchekeshaji mpendwa kuliko wote. Mchezo wenyewe uliitwa Only Fools and Horses, jina lililotokana na msemo kwamba wafanyao kazi ni wajinga na farasi tu. Uliandikwa na John Sullivan, ukaanza kuonyeshwa na BBC mwezi wa Septemba 1981. Mhusika wake mkuu ni Derek Trotter, aitwaye Del Boy, aliyechezwa na David Jason. Anakaa Peckham, kusini mwa London, pamoja na mdogo wake Rodney, aliyechezwa na Nicholas Lyndhurst, na babu yao. Na mwigizaji wa babu alipofariki mwaka 1984, mahali pake pakashikwa na Albert, ndugu wa babu huyo, mwenye hadithi nyingi za baharini. Del huuza bidhaa sokoni kutoka katika sanduku, bila leseni wala kodi, huzunguka na gari bovu la magurudumu matatu, na kila mara huahidi kwamba ifikapo mwaka ujao watakuwa matajiri wakubwa.

Ili kupima uzito wa kicheko hicho, yafaa kutazama miaka kilipozaliwa. Mwezi wa Januari 1982 hesabu ya wasio na kazi katika Uingereza ilipita milioni 3. Mtu asiyeajiriwa, ambaye hata hivyo hali njaa kwa sababu ya werevu wake, hakuwa mzaha mtupu kwa watazamaji wale. Alikuwa tumaini lililovaa nguo za mzaha. Katika Tanzania ya miaka ile ile mambo yalikwenda njia nyingine. Sabuni, sukari na nguo zilikuwa adimu madukani. Mwezi wa Machi 1983 Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Moringe Sokoine, ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria ya kuwashughulikia ikapitishwa mwaka huo huo, na sheria ya Nguvu Kazi ikawabana watu wa mijini wasio na kazi inayotambulika. Walanguzi wakubwa na wadogo waliogopa mlango ukigongwa. Kwa kipimo cha sheria hizo Del Boy asingefika mbali: bidhaa zake hazina hati, kazi yake haina jina, na ghala lake ni sebule yake.

Hivyo mwaka mmoja uliwaona Waingereza wakimcheka mchuuzi na Watanzania wakimsaka. Si kwamba Watanzania walikosa ucheshi. Wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam walikuwa na Pwagu na Pwaguzi, mchezo uliochukua jina lake katika methali isemayo kuwa pwagu hupata pwaguzi, yaani mjanja hukutana na mjanja zaidi. Na asili ya mchezo wa Peckham ni hiyo hiyo, kwa kuwa Del hudanganya wengi akadanganywa na wengi. Tofauti ilikuwa katika upungufu. Penye dukani tele, mwenye kuuza saa isiyokwenda hupoteza fedha kidogo ya mnunuzi. Penye kipande kimoja cha sabuni, anayekificha hudhulumu mtaa mzima. Kicheko juu ya mchuuzi ni anasa ya nchi ambayo rafu za maduka yake zimejaa.

Sasa katika mchezo huo ulikuwamo mzaha mmoja uliorudiwa mara nyingi, nao ndio kiini cha habari hii. Kila Del alipotaka Rodney akubali jambo asilolipenda, alimkumbusha maneno ambayo mama yao aliyasema akiwa katika kitanda cha mauti. Ikiwa Rodney anataka kuondoka, basi mama aliusia kwamba ndugu wasitengane; ikiwa Del anataka fedha, mama naye hakosi neno la kufaa. Wosia wa marehemu uligeuka mfuko usio na kikomo. Mama huyu hakuonekana hata siku moja. Aliyemtazama Del aliona kaburi tu, lenye nguzo kubwa ya ukumbusho iliyopita kadiri, kama mtu apambavyo nyumba kwa fedha aliyoipata ghafla. Watazamaji walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Mchezo ulipanda mpaka kilele chake tarehe 29 Desemba 1996, watu milioni 24.3 walipotazama wana wa Trotter wakiipata ahadi yao: saa ya zamani, iliyolala miaka mingi miongoni mwa takataka zao, iliuzwa mnadani kwa paundi milioni 6.2. Wapenzi wengi hata leo hushikilia kwamba hapo ndipo pangekuwa mwisho. Lakini mwaka 2001 Sullivan aliwarudisha wakiwa wamefilisika, na katika onyesho la mwisho, la mwaka 2003, Rodney akaonyeshwa picha ya mwaka 1960 ambamo mtu mmoja anafanana naye kama sura na kioo. Mtu huyo ni Freddie Robdal, mwizi aliyekwisha tajwa katika onyesho la 1987. Rodney hakuwa mwana wa Trotter. Alikuwa mwana wa Robdal.

Kutoka katika picha hiyo Sullivan alitunga mchezo mwingine, unaosimulia yaliyotangulia. Uliitwa Rock & Chips; sehemu yake ya kwanza ilionyeshwa tarehe 24 Januari 2010, ya pili mwezi wa Desemba mwaka huo. Habari zake zaanzia mwaka 1960. Del, aliyechezwa na James Buckley, ni kijana aliyeacha shule. Mama, Joan, aliyechezwa na Kellie Bright, hatimaye ana uso, sauti na kazi: anatumika katika jumba la sinema, tena anasafisha nyumba za watu, huku mumewe Reg akiwa mvivu na mkali. Ndipo anatokea Freddie, mwizi mpenda sanaa, naye amechezwa na yule yule Nicholas Lyndhurst aliyekuwa Rodney. Sehemu ya tatu ilionyeshwa tarehe 28 Aprili 2011, siku chache baada ya Sullivan mwenyewe kufariki. Hapakuwa na ya nne.

Wapenzi wa mchezo wa zamani waligawanyika. Kundi la kwanza lilinung'unika kwamba mchezo huu hauchekeshi. Manung'uniko hayo yana msingi. Only Fools and Horses ulichezwa mbele ya watazamaji waliokaa studioni, na vicheko vyao vilisikika nyumbani kwa kila mtu; Rock & Chips hauna vicheko hivyo, na mwendo wake ni wa polepole kama wa hadithi ya huzuni. Aliyeketi akingoja mtu aanguke baa, kama Del alivyoanguka katika onyesho mashuhuri la mwaka 1989, aliamka bila malipo yake. Hao husema zaidi: siri ikishaelezwa haina ladha, mama asiyeonekana alikuwa mkubwa kuliko mama yeyote awezaye kuchezwa.

Kundi la pili lilisema kinyume. Kwao, Joan ndiye aliyekosekana tangu mwaka 1981. Wamemwona akivumilia mume asiyefaa kwa ajili ya mtoto, akitafuta upendo mahali pa hatari, akinong'ona habari za maisha bora. Na tangu siku hiyo, wakirudi kutazama mchezo wa zamani, wosia wa kitandani hausikiki kama ulivyosikika. Wangali wanacheka, lakini wanajua Del anamtaja nani.

Liko na kundi la tatu, la wahesabu miaka. Hawa hulinganisha umri wa kila mhusika katika mchezo mmoja na mwingine, wakaonyesha palipogongana. Ni rahisi kuwadharau, lakini kazi yao ni kazi ya mwanahistoria: hawakubali nasaba mpaka tarehe zake zikubaliane. Ni wao pia wanaokumbusha jambo moja dogo lenye maana kubwa. Jumba refu wanamokaa Trotter laitwa Nelson Mandela House; lakini katika mchezo wa asili, jumba hilo likiwa jipya, laitwa Sir Walter Raleigh House. Mwaka 1960 halmashauri za London hazikuwa na sababu ya kumtukuza Mandela. Aliyestahili jina ukutani alikuwa baharia wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mkazi wa mwambao wa Nyasa haoni ajabu hapo. Wajerumani waliweka kituo chao cha Langenburg kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki, kisha wakakihamishia juu milimani wakakiita Neu-Langenburg, na mji huo leo ni Tukuyu. Kuta hubaki, majina huenda na wenye nguvu. Na mwandishi wa hadithi ya asili asipolirudisha jina la kwanza, atakuwa ameandika uongo.

Je, ni kundi gani lenye haki? Jibu lategemea kazi ya hadithi ya asili, na juu ya hilo nchi ya Wanyakyusa ina ushuhuda wake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, waliandika masimulizi kwamba wakuu wa nchi, malafyale, walitoka Ukinga, juu ya milima hiyo hiyo inayoitazama Lyulilo, wakawakuta wenyeji wasiojua moto, walao vyakula vibichi, wakawaletea moto. Masimulizi hayo hayakutolewa ili kupoteza wakati jioni. Yalieleza kwa nini huyu anatawala na yule anatawaliwa. Hadithi ya asili, kwa hiyo, hutazama nyuma ili ithibitishe cheo cha leo.

Kwa kipimo hiki, Rock & Chips umebadili cheo cha watu wawili. Wa kwanza ni Rodney. Baadhi ya wapenzi walisikitika kwamba ndugu wale wamefanywa nusu ndugu, kana kwamba miaka yote ya kugombana na kupatana imepunguzwa thamani. Mswahili anaposikia hivyo hushangaa, maana lugha yake inasema ndugu wa tumbo moja, na hakuna walio karibu kuliko hao. Mzee wa Kyela naye angeuliza kwanza ni nani aliyetoa ng'ombe, kwa kuwa mtoto ni wa mwenye kutoa mahari; Robdal hakutoa kitu, basi Rodney ni Trotter, na shauri limekwisha. Kwa njia zote mbili ndugu hawakupungukiwa. Kinyume chake, kijana aliyemlea mtoto wa baba mwingine, baada ya mama kufa na baba kuwatupa, amestahili heshima kuliko ile aliyopewa na mchezo wa kwanza.

Wa pili ni Joan. Katika mchezo wa zamani alikuwa chombo cha mwanawe. Katika mchezo wa asili ni mtu mwenye tamaa zake, makosa yake na uchovu wake. Hapo kundi la pili limesema kweli, na kundi la kwanza halikusema uongo. Ni kweli kwamba mchezo huu hauchekeshi kama ule. Lakini haukuwekwa kuchekesha, uliwekwa kulipa deni. Muda wa miaka 22 watu walicheka kwa gharama ya mwanamke aliyekufa, na mwandishi yule yule aliyewachekesha akaona haifai afe yeye kabla ya kuonyesha mwanamke huyo aliishije. Kosa la Sullivan, likiwa kosa, ni kwamba alichelewa, hata kifo kikamkuta katikati ya malipo.

Deni la namna hiyo haliko Peckham peke yake. Habari za wachuuzi wa Tanzania mara nyingi huanzishwa pale sheria ilipowakuta: mwaka 1983, katika msako, bidhaa zimetandazwa chini na mwenyewe amesimama kando. Huo ni mwanzo wa hati za polisi. Si mwanzo wa mtu. Kabla ya msako palikuwa na mama aliyemfundisha kuhesabu senti, baba aliyekuwapo au asiyekuwapo, na mdogo aliyengoja ada ya shule. Wengine katika wao walikuwa wadhalimu kweli, na hadithi ya asili haitawasafisha, kama vile haikumsafisha Reg wala Robdal. Lakini msimulizi asiyeanzia kabla ya kosa hawezi kutenganisha mdhalimu na mwenye njaa, na hukumu yake juu ya wote wawili itakuwa moja.